Filamu Zisizo na Watu

Nilipokuwa mdogo, ibada ya Jumapili kule kwetu Kibugu ilikuwa na sala moja ndefu. Mzee wa kanisa alianza kuombea wagonjwa, akaja kwa mvua, akaenda kwa viongozi wa nchi, kisha akarudi tena kwa mvua kana kwamba aliisahau. Sisi watoto tulitakiwa kufumba macho muda huo wote. Mimi niliyafumba, halafu nikayabonyeza kwa viganja mpaka giza likaanza kupasuka. Kwanza zilitokea nukta za manjano, halafu mistari, halafu miraba myekundu iliyozunguka na kumezana. Niliiita sinema yangu. Siku moja nilimweleza mama niliyoyaona, naye akanigonga kisogoni kwa kidole na kusema mtu akifumba macho mbele ya Mungu haoni kitu, anaomba.

Miaka zaidi ya thelathini baadaye niliiona sinema ile ile ukutani, macho yangu yakiwa wazi, katika ukumbi wa kanisa mjini Meru. Nilikuwa nimekwenda pale kutundika mapazia tu.

Wakati huo nilikuwa naishi Kiirua. Watu wakiniuliza nimetoka wapi, jibu huwa refu. Tangu nimalize kidato cha nne nimefungasha mboga katika mashamba makubwa, nimepika chapati katika mikahawa ya barabarani, nimeuza mitumba katika masoko ambayo siku hizi siwezi hata kukumbuka yalikuwa na siku gani. Sikufukuzwa popote. Ni vile tu asubuhi moja huamka, nikauona Mlima Kenya umekaa pale pale ulipokaa jana, nikaanza kukunja nguo. Nyumbani Kibugu mlima uko juu yetu, karibu kiasi kwamba hatuuoni vizuri. Kiirua uko upande wa pili, na jioni ningeutazama nikijua kwamba nyuma ya mgongo ule kuna nyumba ya mabati, na mama yangu ndani yake. Nilipenda kuwaza nyumbani. Kukaa huko ndiko kulikonishinda.

Kiirua nilimfanyia kazi mama mmoja mwenye mahema, viti na mapambo ya harusi. Ndipo akaja mteja ambaye hakuwa na harusi. Alikuwa msichana mwenye nywele fupi, mwalimu wa kuchora katika chuo fulani, na alitaka ukumbi wa kanisa uwe na giza saa tisa mchana.

"Giza kabisa?" nikamuuliza.

"Kabisa, dada. Hata tundu la sindano lisibaki."

"Ni maombi ya aina gani hayo?"

Akacheka. "Si maombi. Ni katuni."

Nilifunika madirisha yote kwa mapazia meusi, na penye nyufa nikabandika nailoni nyeusi ya kupandia miche. Mwenye mahema aliniagiza nisiondoke, kwa sababu mapazia yake yalikuwa yamewahi kupotea kwenye sherehe ya watu waliookoka. Kwa hiyo niliketi benchi la mwisho, kando ya mzee mtunza ukumbi, nikingojea hizo katuni ziishe nifungue mapazia yangu.

Niliwaza sungura na paka. Badala yake ukuta ukawa mweusi, na mistari myeupe ikaanza kuruka juu yake, mingine ikitetemeka, mingine ikikimbizana kama nzige. Hakuna mtu, hakuna mnyama, hakuna neno. Mzee mtunza ukumbi alivumilia kidogo, kisha akasema kwa sauti, "Mwalimu, mtambo wako umekwaruzika!"

Watu wakacheka. Yule msichana akajibu kutoka kwenye giza, "Haujakwaruzika, mzee. Aliyeitengeneza hakuwa na kamera. Alichukua utepe wa filamu akaukwaruza mwenyewe kwa sindano, picha moja baada ya nyingine."

"Mtu mzima?"

"Mtu mzima, mzee. Tena ana watoto."

"Na hao watoto wanakula?"

Kicheko kikawa kikubwa zaidi, na wengine wakainuka wakaenda zao. Mimi nilibaki kwa sababu ya mapazia. Nataka kuwa mkweli kuhusu hilo. Kama si mapazia ningekuwa nje nikinunua ndizi.

Iliyofuata ilichorwa kwa rangi juu ya kioo. Mchoraji alisogeza rangi kwa kidole, akapiga picha, akasogeza tena, akapiga tena. Katika nyingine kulikuwa na mduara na mraba tu. Mduara ulikaribia, mraba ukakaa. Mduara ukaondoka, ukaenda mpaka pembeni, ukasimama pale kama mtu aliyesahau kitu. Nilijikuta nauambia moyoni, rudi basi. Kuuambia mduara! Ya mwisho haikuwa hata na maumbo. Ilikuwa rangi iliyojaa ukuta mzima na kubadilika polepole. Manjano ikaiva ikawa nyekundu, nyekundu ikazama kwenye kijani, kijani kikawa samawati, na samawati ikawa zambarau nzito iliyopumua juu ya ukuta mpaka mwisho. Nilisahau nilipokaa. Nilikuwa kanisani Kibugu na viganja vyangu machoni, na mzee wa kanisa amerudi kwenye mvua.

Taa zilipowaka nilimwendea yule msichana akiwa anakunja nyaya.

"Zina maana gani?" nikamuuliza.

"Wewe umeona nini?"

Nikamweleza habari ya sala na viganja. Sikuwa nimemweleza mtu yeyote tangu nigongwe kisogo. Aliacha nyaya, akanisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza kama nina flashi. Sikuwa nayo. Akachomoa yake moja, akaniambia humo kuna kazi za rafiki zake waliokubali zitazamwe na yeyote, pamoja na ile ya zambarau, ambayo aliitengeneza yeye mwenyewe. Alisema hivyo akiangalia chini, kama mtu anayekiri kosa.

Nilizitazama tena na tena kwenye televisheni ya dukani. Mwenye mahema alipita, akasimama, akasema, "Hiyo TV ukiiharibu utainunua." Nikamwambia haijaharibika, ndivyo ilivyo. Akanitazama kama mtu anayehesabu siku nilizobakiza kabla ya kukunja nguo.

Hakukosea. Ila safari hii aliyenikunjisha nguo ni dada yangu mkubwa. Yeye ni mwalimu wa shule ya msingi karibu na Manyatta, na hanipigii simu ila kuna jambo.

"Mama amerudishiwa majani tena kwenye kituo cha chai," akasema. "Mara ya tatu. Leo amemtukana karani mbele ya wakulima wote."

"Mama yetu? Ametukana?"

"Amemwambia mizani yake ina roho chafu. Na Jumapili alikataa kumpa mkono huyo karani kanisani."

"Macho yake je, bado yanafifia?"

"Anasema yako sawa. Lakini juzi nilipoingia alinisalimu kwa jina la jirani."

Nilifika Kibugu na mkoba mmoja, na flashi ndani ya soksi. Hapa lazima nieleze kitu kimoja. Mimi ni binti wa pili, na kwa desturi yetu binti wa pili hupewa jina la mama wa mama yake. Kwa hiyo mama yangu huniita Mama, na mimi humwita Mama, na mgeni akitusikiliza hajui nani alimzaa nani. Alikuwa ameketi mlangoni akimenya nduma. Hakuinua kichwa.

"Mama," akasema, kabla sijafungua mdomo, "huo mguu ni wa kukaa au wa kupita?"

"Umeujuaje mguu wangu?"

"Wenye kuvuta kisigino ni wewe na marehemu baba yako tu. Na yeye hatarajiwi."

Nilipoinama kumsalimu niliona mboni zake. Zilikuwa na ukungu wa kahawia, kama chai iliyoachwa kikombeni usiku kucha. Daktari alikuwa amemwambia dada kwamba ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, na kwamba huondolewa kwa muda mfupi. Mama alikataa. Jirani yetu mmoja alimweleza kwamba madaktari hulitoa jicho zima, wakaliweka juu ya shavu, wakalisugua, wakalirudisha, na wakati mwingine hulirudisha limegeuka. Nilimwambia huo ni uongo. Akaniuliza kama nimewahi kuliona shavu la mtu aliyepasuliwa.

Tatizo la majani nililielewa kesho yake, nilipoingia shambani. Michai yetu ni ya kijani, ile ya kawaida. Lakini miaka michache kabla ya kufa, baba alichukua miche ya chai ya zambarau, ambayo majani yake machanga huwa na rangi kama ya divai, na ambayo pale kwetu hupokewa peke yake. Mtu wa kilimo alimwambia aipande sehemu yake, mbali na mingine. Baba hakuweza kuvumilia pengo shambani. Popote mchai wa kijani ulipokuwa umekufa, alipachika wa zambarau. Kwa hiyo shamba letu ni kama nguo yenye viraka, hapa kijani, pale zambarau, kisha kijani tena. Alipokuwa hai walichuma yeye na mama kila mmoja na rangi yake, wakitaniana juu ya vichaka. Sasa mama alichuma peke yake.

Nilimtazama akifanya kazi. Mikono yake haikuwa imesahau kitu. Aliulaza ufito juu ya mchai kupima kimo, akachuma majani mawili na chipukizi, majani mawili na chipukizi, akarusha begani bila kutazama, na kila konzi ikatua kikapuni. Alipofika kwenye mchai wa zambarau hakusita. Aliuchuma vilevile, akautupa kwenye kikapu kile kile.

"Mama, huo ni wa zambarau," nikasema.

"Wa zambarau uko kule." Akaonyesha pengine.

"Na huo pia."

"Usinifundishe shamba langu. Hii mistari nimeitembea kwa miguu kabla hujazaliwa."

Jioni nikambebea kikapu mpaka kituoni. Karani, kijana mpole, mjukuu wa mtu aliyetahiriwa pamoja na baba, alitia mkono ndani, akachota konzi, akaifungua mbele yangu. Kijani na zambarau zilikuwa zimechanganyika kama mahindi na maharagwe ya githeri. Wakulima nyuma yetu wakanyoosha shingo. Mama akasema kwa sauti ya juu, "Ameanza!"

Wiki nzima nilimbembeleza kuhusu hospitali. Nilijaribu kwa upole, nikajaribu kwa hasira, nikamleta dada na Biblia. Mwishowe alitoa sababu ambayo nadhani ndiyo ilikuwa kubwa kuliko ya shavu.

"Wakishanipasua, wiki ngapi bila kuinama? Bila moshi? Nani atachuma?"

"Mimi."

"Wewe?" Akacheka mpaka akakohoa. "Mama, wewe hujawahi kukaa mahali mpaka mche wa sabuni ukaisha. Kila unapohama unaacha kipande. Wanawake wa Kiirua wanafua kwa sabuni yako mpaka leo."

Nilikuwa kweli nimeacha kipande Kiirua.

Kisha ikaja siku ya mvua. Mvua ya Kibugu ikiamua, huanza adhuhuri na kupiga mabati kiasi kwamba watu huongea kwa mikono. Hakukuwa na kuchuma. Mama alikuwa mbele ya televisheni ambayo mimi na dada tulimnunulia. Aliisikiliza kama redio, uso ameuelekeza dirishani. Siku ile hata kusikiliza hakuwezekana kwa kelele ya mvua. Nikakumbuka flashi. Sikuwa na mpango wowote. Nilikuwa nimechoka na mvua, na nilitamani kuiona tena ile ya mduara.

Mistari myeupe ikaanza kuruka. Mama akageuza kichwa, akapaza sauti juu ya mvua.

"Ni nini hicho kinachomeremeta?"

"Filamu."

"Watu wako wapi?"

"Haina watu."

"Wanyama?"

"Hata hao hawamo. Ni mistari na rangi tu."

Akasogeza kiti karibu, karibu sana, magoti yakagusa meza. Kisha akasema jambo ambalo bado hunijia nikiwa peke yangu shambani.

"Kama haina watu, basi hakuna mtu ninayekosa kumwona."

Tukatazama pamoja. Nimekaa na mama yangu kwenye sala, kwenye mazishi, jikoni, lakini sikumbuki kama tuliwahi kutazama kitu kimoja kwa ajili ya kukitazama tu. Alinieleza anachokiona nami nikamweleza ninachokiona. Rangi iliyosogezwa juu ya kioo aliiita uji unaochemka. Kwenye ile ya mduara, yeye aliona doa moja linalotembea na doa moja lililokaa, na alipoona lile la kwanza limesimama pembeni akanipiga goti.

"Huyo ni wewe."

"Na huyo mwingine?"

"Huyo mwingine ana kazi zake. Haulizi."

Ikafika ya mwisho. Manjano aliiona vizuri, akaisifu, akasema ni kama ua la malenge. Nyekundu aliiona. Kijani alikiita tope. Skrini ikaingia samawati, kisha polepole ile zambarau nzito. Mama akaegemea nyuma ya kiti.

"Nzuri. Ni fupi lakini nzuri. Ina nyingine?"

"Haijaisha, Mama."

"Imeisha. Wamezima."

"Hawajazima. Imejaa."

"Imejaa nini?"

"Zambarau. Televisheni nzima ni zambarau."

Akainama mbele tena mpaka pua yake ikakaribia kioo. Mwanga wa zambarau ulikuwa umemfunika uso wote, umeingia kwenye mikunjo ya mashavu, umelala juu ya kitambaa chake cheupe cha kichwani. Aliweka kiganja juu ya kioo kana kwamba angeipapasa.

"Zambarau gani?" akauliza. Sauti yake ilikuwa ndogo, niliisoma midomoni zaidi ya kuisikia.

"Kama ile ya baba."

Filamu ikaisha kweli. Skrini ikawa nyeusi. Kwake hakuna kilichobadilika, na nadhani hicho ndicho kilichomuumiza.

"Irudishe," akasema.

Niliirudisha mara tatu. Kila ilipofika mahali pale aliniambia, "Sasa?" nami nikamjibu, "Sasa." Mara ya tatu hakuuliza tena. Alikunja mikono kwenye mapaja na kuketi hivyo mpaka mvua ikapungua, na matone ya mwisho yakawa yanasikika moja moja.

"Kumbe yule mtoto wa mizani hakuwa ananichukia," akasema.

Sikumwambia neno juu ya hospitali. Kwa mara ya kwanza wiki ile nilikuwa na akili ya kunyamaza.

Kesho yake jioni alinitaka nimshike mkono tuende kituoni, bila kikapu. Wakulima walikuwa wamepanga foleni wakisubiri lori. Mama alipita mbele yao wote mpaka akafika kwenye mizani, akanyoosha mkono hewani, mahali alipodhani karani amesimama. Alikosea kidogo. Yule kijana akasogea mwenyewe mpaka mkono ukamkuta.

"Mjukuu wangu, mizani yako haina roho chafu," mama akasema. "Ni macho yangu."

"Nilijua, nyanya."

"Ulijua? Na ukaniacha nikutukane?"

"Ningesemaje? Ningekuambia mbele ya watu kwamba huoni?"

Mwanamke mmoja kwenye foleni akasema, "Sasa amesema mwenyewe, kesi imekwisha," na watu wakacheka, na mama akacheka nao. Tulipokuwa tunarudi aliniambia bila kugeuka, "Nitaenda. Lakini nunua mche mzima wa sabuni. Mrefu."

Siku ya upasuaji dada na mimi tulikaa kwenye benchi la nje la hospitali. Lilikuwa jicho moja kwanza. Walituambia hangelazwa usingizi, jicho tu ndilo lingetiwa ganzi, na kwamba angekuwa anatusikia kama tungekuwa ndani. Dada aliomba. Mimi nilijaribu kuomba, nikajikuta nabonyeza macho kwa viganja. Nilihofu kitu kimoja tu. Kama jambo lingeharibika, angekuwa amekwenda kwa sababu yangu, kwa sababu ya flashi niliyoibeba ndani ya soksi.

Alitoka mapema kuliko nilivyotarajia, amesukumwa kwenye kiti cha magurudumu, jicho moja limefunikwa bandeji. Mdomo wake ulikuwa unacheza kama wa mtu anayeficha peremende.

"Mama," akaniita kabla hatujamfikia. "Nimeiona."

"Umeona nini?"

"Sinema yako. Ile ya kanisani, ya viganja. Nilidhani nitaona visu. Sikuona hata daktari. Niliona rangi tu. Nyekundu ilikuja ikaelea kama mafuta kwenye maji, ikatoka. Ikaja nyingine, sijui niiiteje, miaka mingi sijaiona. Na taa tatu zikawa zinasogea, zinaungana, zinaachana." Akamgeukia dada. "Haikuwa na watu!"

Muuguzi akatueleza kwamba wagonjwa wengi huona hivyo, mwanga ukipita kwenye jicho wakati linapofanyiwa kazi. Alisema kikawaida, kama mtu anayesoma ratiba.

"Na shavu?" dada akamuuliza mama.

"Shavu liko. Hakuna kilichowekwa hapo."

Kisha akanishika mkono, akanivuta karibu. "Nilikugonga kisogo siku ile," akasema. "Nilikuwa sijui." Sikufikiri kwamba anaikumbuka. Nilidhani ni mimi tu niliyeibeba siku ile, kila mahali nilipokwenda.

Bandeji ilipotolewa alinitazama usoni kwa muda mrefu, nami nikangojea maneno mazuri.

"Mama," akasema, "una mvi!"

"Nina miaka arobaini na kitu."

"Hakuna aliyeniambia. Watu wote mnajua, mimi ndiye nimefichwa."

Wiki zilizofuata nilichuma mimi. Mgongo ulikataa, vidole vikawa vyeusi kwa utomvu, na kila asubuhi mlima ulikuwa pale pale ulipokuwa jana. Nilikunja nguo mara moja. Sitadanganya. Nilizikunja, nikaziweka juu ya kitanda, nikatoka nje kunawa uso, nikauona mche wa sabuni kwenye jiwe umebaki nusu. Nikarudi nikazikunjua.

Flashi imebaki kwenye televisheni. Nilimpigia yule mwalimu wa kuchora nikamwambia filamu yake ya zambarau ilifanya kazi gani Kibugu. Akaniambia miaka yote watu humuuliza ina maana gani, na hakuwahi kuwa na jibu la kuwapa.

Kuinama mama hakuruhusiwa, moshi hakuruhusiwa, lakini kusimama hakuna aliyemkataza. Kwa hiyo alianza kuja shambani mchana, amevaa miwani myeusi ya hospitali, amefunika jicho lile la zamani kwa kiganja ili atazame kwa hili jipya. Husimama mwisho wa mstari na ufito mkononi kama mwalimu wa zamu. Siku ya kwanza nilidhani amechoka, mpaka nilipogeuka. Alikuwa anatazama mchai mmoja wa baba. Jua lilikuwa limetokea baada ya mvua, na majani machanga yalikuwa yanang'aa kama divai. Akakata chipukizi moja, akaliweka karibu na jicho, akaliweka mbali, akalirudisha karibu.

"Aliipanda vibaya," akasema. "Kila mahali. Mtu mzima, tena ana watoto." Nilikuwa nimemsimulia habari za yule mzee wa ukumbini.

"Tuing'oe?"

"Nani amesema ing'olewe?" Akanielekezea ufito. "Wewe chuma. Na leta hapa hicho kikapu."

Nikamletea. Akatia mkono, akachota konzi, akaifungua mbele yangu vile vile kama karani, na katikati ya kijani kulikuwa na majani matatu ya zambarau. Mimi mwenye macho mawili mazima ndiye niliyeyachuma, mawazo yangu yakiwa Kiirua au mbali zaidi.

"Mama," akasema, akiyachambua moja moja na kuyatia mfukoni mwa sweta yake, "jicho la pili ni mwezi ujao. Mpaka hapo, mimi ndiye nitakayekutazamia."